Saa Nane ya Mpiga Pasi

Siku aliyomfukuza mpiga pasi wake kwa mara ya kwanza, Metroni alitumia neno moja tu.

"Toka!"

Mpiga pasi ndiyo kwanza alikuwa anaingia, saa tatu na nusu asubuhi, jasho likimtiririka shingoni. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akauliza kwa adabu zote:

"Kwa mdomo, Metroni, au kwa barua?"

Ndiyo sababu aliitwa Wakili. Hakuwa amesomea sheria hata siku moja, lakini alikuwa na ulimi wa kusimama kizimbani, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi alikuwa na haki. Metroni aliuliza huku na huku, akaambiwa vilevile: mwajiri hamfukuzi mtu kwa kelele. Kwanza onyo la maandishi, kisha la pili, kisha la tatu, kisha mtu asikilizwe, tena asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazini.

"Mwenzake yupi?" Metroni alilalamika. "Nina wafanyakazi wawili! Akija na mwenzake, nani abaki na mashine?"

Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini, na cheo chake cha mwisho kikamganda kama jina. Alipostaafu alijenga nyumba ya ghorofa moja. Juu akaishi yeye, chini akafungua udobi. Palikuwa na mashine mbili za kufulia, kamba zilizovuka ua mzima, na meza ndefu ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu. Mashine alizishika mama mmoja mnene, mkimya, aliyeitwa Mama Mashine. Pasi aliishika Wakili. Na kazi karibu yote ilitoka mahali pamoja, kliniki ya wazazi ya mtaa wa pili: shuka arobaini kila siku, zifike kabla ya saa nne asubuhi.

Shuka zilifuliwa na kukauka leo, zikapigwa pasi kesho yake asubuhi, saa mbili, zikapelekwa zingali na joto. Hilo joto lilikuwa fahari ya Metroni. "Mama aliyejifungua," alipenda kusema, "alale kwenye shuka inayomkumbatia." Kwa miaka mitatu na nusu Wakili alizipiga pasi kwa wakati, zikanyooka kama maji ya mtungi. Halafu, kama mtu aliyerogwa, akaanza kuingia saa tatu na nusu. Miezi sita sasa. Shuka zikafika kliniki saa tano, saa tano na robo, mpaka mkuu wa kliniki akaandika barua fupi: mkichelewa tena mwezi ujao, tutatafuta dobi mwingine. Bila kliniki hapakuwa na udobi. Palikuwa na mashine mbili na blanketi.

Basi Metroni akaandika maonyo. La kwanza Wakili alilisoma amesimama, akalirudisha. "Hujaweka tarehe, Metroni. Halina nguvu." Likaandikwa upya. La pili akaomba siku mbili za kulijibu, na hakulijibu. La tatu alilijibu kwa mstari mmoja: *Nimepokea, na nimesikitika pamoja nawe.*

"Pamoja nami!" Metroni aliifikicha ile karatasi mpaka ikalainika kama kitambaa. "Huyu ananichezea shere mchana kweupe!"

Akapanda mpaka ofisi ya kazi. Afisa, mwanamke mwembamba aliyekunywa chai kwenye kikombe kisicho na mkono, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mlete Alhamisi, saa nane mchana. Na mkataba."

Alhamisi, saa nane kasoro dakika tano, Metroni alimkuta Wakili ameshaketi kwenye benchi la ofisi, shati limenyooka, Mama Mashine kando yake.

"Leo umewahi," Metroni alisema kwa uchungu.

"Saa nane naiweza, Metroni. Utaona."

Walipoitwa ndani, afisa alifungua faili. "Haya, mwajiri. Kosa lake ni nini?"

"Kuchelewa. Kazi inaanza saa mbili, yeye anaingia saa tatu na nusu. Kila siku ya Mungu."

"Mfanyakazi?"

Wakili akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko nakala yake ya mkataba. Ilikuwa imepigwa pasi. Haikuwa na kunyanzi hata moja. Akailaza mezani kwa mikono miwili.

"Naomba usome kifungu cha nne, mheshimiwa."

Afisa akasoma kwa sauti. "*Saa za kazi: kuanzia saa 8:00 hadi saa 5:00.*" Akanyanyua macho. "Saa nane?"

"Saa nane," Wakili alisema kwa upole. "Mimi naingia saa tatu na nusu. Kila siku nawahi kwa saa nne na nusu, na sijawahi kuambiwa asante."

Mama Mashine aliziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Metroni alinyakua karatasi. Mwandiko ulikuwa wake. Fomu aliinunua mwenyewe kwenye duka la vifaa vya ofisi, mwaka ule wakaguzi walipokuwa wakipita nyumba hadi nyumba, akaijaza usiku mmoja kwa mkono wa wodini. Huko kwenye chati saa ziliandikwa za kizungu: dawa 8:00, sindano 2:00. Mdomo wake ulisema saa mbili maisha yake yote, na mkono ukaandika nane maisha yake yote, na havikuwahi kugombana mpaka leo.

"Lakini kila mtu anajua maana yake!" alifoka. "Kuku wa jirani anajua!"

"Kuku hakutia sahihi," Wakili alisema.

"Mama," afisa alimwambia Metroni, akijitahidi kutocheka, "maneno ya mkataba yakiwa na utata, anayebanwa ni aliyeyaandika. Kwa karatasi hii, maonyo yako matatu hayana pa kusimama."

Metroni alibaki ameishika ile karatasi. Nje mtu alikuwa akipiga chapa, taratibu, kama anayetwanga. Miezi sita ya kupanda na kushuka, na maonyo matatu, la kwanza mara mbili. Hata huyo mama wa watu ametolewa kwenye mashine aje kukaa kitini! Kisha jicho lake likatua tena kwenye kifungu cha nne, akakisoma mpaka mwisho wake.

"Vizuri," alisema polepole. "Tufuate karatasi. Unaanza saa nane mchana. Unamaliza saa ngapi, Wakili?"

"Saa..." Akatazama. "Saa tano."

"Ya lini?"

Wakili alihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza.

"Usiku," afisa akamsaidia. "Saa tisa za kazi, kamili. Hesabu imekubali."

"Basi nimekubali na mimi!" Metroni alipiga paja. "Saa nane mchana mpaka saa tano ya usiku, kama alivyosoma mwenyewe. Shuka zitapigwa jioni, na mimi sina ugomvi na mtu."

Alitegemea jibu la mkato. Lakini Wakili alikuwa ameutazama ule mfuko wa plastiki kama mtu aliyedondosha kitu ndani yake.

"Usiku siwezi, Metroni."

"Aa! Asubuhi huwezi, usiku huwezi. Wewe unaweza nini?"

"Usiku mke wangu hayupo."

"Yuko wapi?"

"Analinda. Bohari ya saruji. Anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni na sare yake na rungu lake. Mtoto ana miezi tisa. Asubuhi wa kumpokea zamu anatakiwa saa kumi na mbili, anakuja saa mbili. Mke wangu anafika nyumbani saa tatu. Namkabidhi mtoto mlangoni, natimua mbio."

"Kwa hiyo," afisa alisema, "mchelewaji ni huyo wa bohari."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Naye ana mkataba?"

Mama Mashine sasa alicheka waziwazi. Metroni hakucheka.

"Miezi sita! Kwa nini hukusema?"

"Mtaani wananiita Wakili. Wakijua mke wangu ndiye mwenye rungu na mimi ndiye mwenye nepi, wataniita nini? Halafu, Metroni, uliniandikia mara tatu. Hukuniuliza hata mara moja."

Hilo lilimchoma pale pale lilipolengwa. Kwa miaka thelathini alimuuliza kila mgonjwa aliyelala mbele yake jambo moja kabla ya yote: *tangu lini?* Mpiga pasi wake alikuwa ameanza kuumwa miezi sita iliyopita, mchana kweupe, mbele ya macho yake, na yeye akatafuta kalamu.

Lakini kliniki haikutaka majuto, ilitaka shuka. "Bado zinatakiwa kabla ya saa nne," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Hapo Mama Mashine alifungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Zinakauka saa sita mchana, Metroni. Kila siku zinalala kwenye kapu zikijikunja bure mpaka kesho. Huyu akizipiga pasi mchana uleule, asubuhi mimi nazipeleka saa mbili, kabla sijawasha mashine. Nilisema mwaka jana."

"Zitafika zimepoa!"

"Zitafika."

Metroni alimtazama afisa, afisa akatazama kikombe chake. Alimtazama Wakili, naye akautazama mfuko wake. Yale mambo ya joto, sasa aliona, yalikuwa yake peke yake. Hakuna mzazi aliyewahi kuyatolea shukrani.

"Zipoe," alisema. "Nipe karatasi."

Akaandika palepale, kwa maneno, herufi kubwa, asibakize mwanya wa sindano: saa nne asubuhi, jua likiwa juu, mpaka saa kumi na moja jioni ya siku hiyohiyo. Jumamosi, mke akiwa mapumzikoni, Wakili atafidia saa zilizopungua. Afisa akasoma, akagonga muhuri. Wakili akachukua kalamu atie sahihi, akaishikilia hewani.

"Metroni. Hapa chini. *Mapumziko ya chakula: saa moja.*"

"Eh?"

"Ni kwa muda wa saa moja, au ni saa moja ya asubuhi? Maana asubuhi nitakuwa bado nyumbani."

"Toka!" Metroni alinguruma, mpaka aliyekuwa akipiga chapa nje akanyamaza.

Wakili alitia sahihi upesi, akakunja mfuko wake, akafika mlangoni. Hapo akageuka, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Metroni alimwahi. "Kwa mdomo," alisema. "Na kesho uje."