Kengele Ililia, Pasi Ikajifunga

Shemeji yake alisema mbele ya watu kwamba mama huyu mwenyewe ndiye aliyekanyaga pedali ya pasi. Alisema hivyo pale pale chumba cha kufulia, mkono wa mwenzie bado unavuja damu, akarudia nyumbani mezani huku anatafuna. Mumewe akamwamini mdogo wake. Akaishi akimwamini, akafa akimwamini. Hilo ndilo mama huyu hakulisamehe, na wala hakuwa na mpango.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hoteli kwenye pasi kubwa ya mvuke, ile yenye mdomo kama mamba. Unatandika shuka, unakanyaga pedali, mdomo unajifunga. Shemeji ndiye alikuwa fundi wa kompyuta pale, mtu wa kutembea na kalamu tele mfukoni na haandiki hata na moja. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na mashine zote aliweka programu ya kuhesabu mashuka: fungu likitimia, inapiga kengele. Siku ile shuka la mwisho lilikuwa na mikunjo, mama akaingiza mkono alinyooshe. Kengele ikalia, pasi ikajifunga. Vidole viwili vikaenda.

"Kengele ililia, pasi ikajifunga," alisema, miaka nenda miaka rudi.

"Mama Nane kaanza," wenzake wa kuanika walicheka, wakimwita kwa vidole vilivyobaki. "Leo kengele, kesho atasema jini."

Mwisho akanyamaza. Mkono ule ulishakufa ganzi, na vingine vya ndani navyo vikafuata.

Shemeji alipostaafu akaletwa binti mmoja, mwembamba, mkavu wa maneno. Akaiangalia kompyuta, akasonya.

"Nani kaacha hivi? Kila programu humu inaruhusiwa kugusa kila mashine."

"Ndo nini hiyo?" mama akauliza, hata uso hakunyanyua.

"Mama, kompyuta ina milango ya kutolea amri. Huu wa kengele, ule wa pasi. Programu ya kuhesabu ilitakiwa ipewe wa kengele tu. Huyu kafungua yote, hakutaka kusumbuka na ruhusa."

Akabonyezabonyeza, kila programu ikabaki na mlango wake. "Kaeni mbali, tujaribu."

Wakapitisha mashuka, hakuna aliyekanyaga. Fungu likatimia, kengele ikalia, pasi ikatulia wazi. Kwenye kioo yakatoka maandishi mekundu, binti akayasoma: programu ya kuhesabu imejaribu kufunga pasi, imekataliwa.

Wakarudia. Ikajaribu tena, ikakataliwa tena. Kumbe siku zote ilikuwa inaifunga. Hakuna aliyegundua, maana kwenye shuka la mwisho kila mtu mguu wake ulikuwa tayari kwenye pedali.

"Aitwe," mama akasema.

Shemeji akaja, kachomekea shati. Akakitazama kioo, akakitazama tena. "Ilikuwa bahati mbaya, shemeji. Tuyaache."

"Uliyasema kwa sauti. Yarudishe kwa sauti."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Ndio haohao uliowaambia."

Akawageukia. "Hakukanyaga yeye. Ni programu yangu."

Waliokuwa wakimcheka miaka yote wakatazama sakafu. Mama alisubiri moyo uruke, japo kidogo. Ukakaa kimya kama ndoo tupu. Shemeji akanyoosha mkono wapeane. Mama akauacha hapo hewani.

"Kamwambie kaka yako," akasema. "Unajua alikolala."