Spika Ndani ya Chungu

Spika moja ya sebuleni imenyamaza, na fundi anataka nimpelekee mtambo mzima. Simpelekei kitu. Nachukua betri ya saa ya ukutani, naigusisha nyuma ya spika, nayo inakohoa.

Hivyo ndivyo alivyofanya mama kwetu Bwera. Spika yetu ilikaa ndani ya chungu ili mdundo uwe mzito, na siku hiyo ilinyamaza wageni wakiwa wameshaketi. Mama akagusisha betri ya tochi. Chungu kikakohoa.

“Iko muzima,” akasema. “Ugonjwa iko mu waya.”

Akaufuata waya hadi nyuma ya kabati, mahali palipokatwa kipande. Kisha akaitazama bangili yangu mpya ya shaba.

Leo, kabla sijaufuata waya, nawaita wanangu.

“Leteni mikono.”