Kotesheni ya Mama Awinja na zile sahani kumi na tano

Sasa wakuu. Hapa Parklands mvua imefukuza customers tangu asubuhi, na mimi niko reception na kalamu na hakuna wa kuandikisha. Wacha niwaambie kitu imenikaa roho siku mingi. Sitatia chumvi. Mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Kabla ya hii kazi nilikuwa kwa kampuni moja ya rangi huko tao, finance department.

Msidhani nilikuwa accountant. Mimi ni Form Four, na kuhusu hesabu yangu muulizeni mwalimu wangu. Kazi yangu ilikuwa kufile, kupeleka barua, na kuota nikifungua hoteli yangu ndogo yenye maua kwa dirisha. Bado naota, msinicheke.

Nimemiss hiyo ofisi. Chai ya saa nne. Harufu ya rangi mpya kutoka store. Redio ya Madam Njoki ikiimba nyimbo za kanisa chini chini.

Madam Njoki ndiye alikuwa mkubwa wa finance. Watu walimwogopa, hasa marketing. Wao waliamini kazi yake ni kusema hapana.

Sasa mwaka mmoja kampuni ikaamua kufanya CSR, ile ya kampuni kusaidia jamii: kulipia lunch ya watoto wa shule moja ya msingi huko Dagoretti, karibu na soko. Project ilikuwa ya Kevo wa marketing. Lakini pesa haingetoka finance bila kotesheni tatu, yaani watu watatu waandike bei yao ndio mmoja achaguliwe.

Kevo alikuwa na mbili tayari, za caterers wa Kileleshwa, zimechapwa vizuri na logo juu. Akanituma nitafute ya tatu kwa yeyote karibu na shule. Ya kujaza file tu, akasema.

Headteacher akanionyesha Mama Awinja, mama wa kuuza githeri, ile ya mahindi na maharagwe, kibanda chake kimeangalia gate ya shule. Nikamweleza kotesheni ni nini. Akapanguza mikono, akaomba karatasi kwa exercise book ya mtoto wake. Aliniambia akipata hiyo kazi ataacha kuzunguka na ndoo ya chakula huko machinjioni, magoti yamekataa.

Halafu akaniuliza, "Na wataisoma kweli, mami?"

Nikasema ndio. Wakuu, nilijua nadanganya. Aliandika polepole, ameketi wima kama mtu wa mtihani, na mimi nikaangalia kando.

Meeting ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kevo alifika kwa karatasi ya Mama Awinja akacheka, akaipitisha watu waone. Bei yake ilikuwa juu kuliko zile zingine, na mwisho alikuwa ameandika: *Wadogo wao, sahani kumi na tano.*

Kevo akauliza hao wadogo ni akina nani sasa, hawako kwa register.

Madam Njoki hakucheka. Alivaa miwani, akaisoma yote, kuni, maharagwe, chumvi, mpaka huo mstari. Halafu akanigeukia mimi, mtu wa kufile.

"Mueni, wewe ndiye ulienda. Ni kweli hao watoto wako huko?"

Nikasema wako, niliwaona. Wazazi wakienda vibarua, mkubwa anakuja shule na mdogo wake. Wanangoja nje ya class, na saa ya lunch wanagawana sahani moja kwa kibanda cha Mama Awinja.

Akazipanga zile karatasi tatu kwa meza. Akasema, "Basi hizi mbili si rahisi, Kevin. Zimeacha watoto nje."

Kevo, na si mtu mbaya, akajitetea kwamba auditor atauliza mbona tunalipia watoto hawajaandikishwa. Hapo alikuwa na point. Nikajua imeisha.

Madam Njoki akaichukua tena karatasi ya Mama Awinja. Halafu akauliza Mama Awinja anapimaje chakula. Nikamwambia kwa sufuria.

Akasema basi tutanunua sufuria za githeri, si sahani. Auditor akija, ahesabu sufuria, si watoto. Akaandika order hapo hapo kwa mkono wake, na sababu yake chini, akasign.

Jumatatu nikatumwa kumpeleka Mama Awinja cyber atolewe PIN ya KRA, ile namba ya ushuru, ndio aweze kulipwa. Alivaa nguo ya kanisa.

Siku ya kwanza ya lunch tulienda wote. Kevo alipiga picha zake. Madam Njoki alisimama nyuma ya line, mikono ndani ya sweta.

Msichana mmoja alipewa sahani mbili. Hakwenda. Alisimama hapo hapo na mdogo wake amemshika sketi, akingoja aambiwe arudishe moja.

Hakuna aliyemwambia.

Madam Njoki alistaafu, na mimi nikatoka baadaye. Sijui kama hiyo program bado iko, singependa kuwadanganya.

Nilichojifunza: CSR tunaionanga kwa picha na T-shirt, lakini huruma inaamuliwa kwa meza ya finance, na mtu mwenye amesoma karatasi mpaka mstari wa mwisho.

Wenye mko kwa hizo ofisi, hiyo kotesheni ya tatu huwa mnaisoma ama ni ya file? Semeni ukweli, mimi niko hapa mpaka mvua iishe.