Mstari Chini ya Masizi

Stanislaus Hatungimana, fundi wa injini za dizeli mjini Kasulu, alikuwa na desturi ambayo wateja wake hawakuijua. Kila alipokwisha kuweka taimingi, yaani kuizungusha pampu hata dizeli iingie katika silinda wakati ule hasa pistoni inapokaribia kufika juu, alikata kwa patasi mstari mwembamba uliovuka kutoka kwenye pampu hadi ubavuni mwa injini. Kisha aliufunika kwa grisi na masizi, asije mtu akauchezea. Siri hiyo alimwamini nayo mtu mmoja, Sylvesta, mwenzake wa karakana, waliyekula naye sahani moja tangu ujana.

Mwaka 2013 alikwenda Kibondo kumzika mkwewe. Aliporudi, jina lake lilikuwa limeharibika. Mashine ya kusaga ya Bi Kezia, kule Heru Juu, aliyoitengeneza kabla ya safari, ilikuwa ikigonga na kugoma kuwaka, na akina mama walipitiliza na mihogo yao. Sylvesta, aliyepita kubadili oili, ndiye aliyemweleza Bi Kezia sababu: "Mzee yule masikio yamekwisha, mama. Taimingi ameipeleka mbele mno."

Stanislaus alikwenda Heru Juu akiwa tayari kuomba radhi, kwani alijishuku mwenyewe kabla ya kumshuku rafiki. Alimkuta Sylvesta ameinamia injini, spana mkononi.

"Karibu, kaka. Kaa kivulini, wazee hukaa kivulini."

Wateja walicheka. Sylvesta alilegeza bolti, akairudisha pampu nyuma kidogo, akapangusa kwa kidole gumba, akatazama, akakaza. Mashine ikawaka, mlio wake laini.

"Umejuaje pa kuiweka?" Bi Kezia aliuliza.

"Masikio, mama. Injini husema na mwenye kusikia."

"Ilikuwa imezimwa, Sylvesta," Stanislaus alisema. "Ulisikia nini?"

Akafuta masizi yaliyobaki. Nusu mbili za mstari wake zilikuwa zimekutana barabara.

"Huu niliukata mimi kabla ya msiba, Bi Kezia. Anayeujua ni huyu peke yake. Pampu aliisogeza kutoka hapa siku ile ya oili, na leo ameirudisha papa hapa."

Sylvesta alitazama spana yake. "Nimefungua kibanda changu, kaka, njia ya Buhigwe. Wewe ukiwapo, nani atakuja kwangu?"

Bi Kezia alikuwa amekwisha kuwatengea mafundi chakula, ugali na maharage, sahani moja kama siku zote. Stanislaus alinawa mikono, akaitazama ile sahani.

"Naomba ya peke yangu, Bi Kezia," alisema.