Mkwe Hapewi Maharage

Mwaka niliotaka kuingia timu ya mkoa ya mbio ndefu nilihamia kwa wakwe zangu, milimani Ileje, kufanya mazoezi. Tunduma hakukimbiliki. Foleni ya malori inaanzia mpakani na kuishia, kwa makadirio yangu, ahera, na ukivuta pumzi moja ya nguvu unameza vumbi la kutosha kufyatulia tofali. Mimi ni fundi wa matairi ya malori hayohayo, kwa hiyo mapafu yangu yalistahili likizo kuliko mimi mwenyewe. Ileje kuna hewa, na kuna milima ambayo ukisimama chini ukatazama kilele, kofia inakudondoka na kuokotwa Malawi.

Umri nao ulikuwa umesogea. Kocha wangu aliniambia wazi kabla sijaondoka, "Kaka, usipoingia watano wa kwanza kwenye mashindano ya mkoa kule Vwawa, mwakani sikuandikishi. Kuna vijana wanangoja nafasi."

Wakwe walinipokea kama askofu. Siku ya kwanza nilichinjiwa jogoo. Lakini majogoo huisha, na siku zilizofuata nililetewa ugali wa sembe, mweupe kama shuka la harusi, na majani ya maboga. Sahani ilikuja imefunikwa, kwa sababu mimi na mama mkwe hatuli pamoja wala hatutazamani usoni, na yeye hapazi sauti nikiwa karibu. Adabu ilinidai nibakize chakula, maana mkwe akikomba bakuli watu husema amekulia porini. Nikawa nabakiza, huku moyo ukifuata sahani inavyoondoka.

Jikoni, wao walikuwa wakila maharage. Harufu ilikuwa inatoka pale, inavuka uwanja, inakuja kukaa kwenye kigoda changu. Ila pale kwao mkwe hapewi maharage. Ni chakula cha kila siku, na kumpa mkwe ni sawa na kumwambia kwamba tumekuzoea mapema. Basi watoto wa nyumba ile walishiba maharage, na mimi mheshimiwa nikashiba heshima.

Baada ya wiki chache miguu ilianza kugoma. Maumivu ya jana yaliamka na mimi asubuhi, na ya juzi yalikuwa bado hayajalala. Mlima niliokuwa naupanda nikiimba, sasa kuku wa jirani walinipita, tena wale wenye vifaranga.

Sababu niliijua. Nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu, na somo la protini ndilo nililipenda kuliko yote. Protini ni ukuta, alitufundisha mwalimu, na matofali yake ni asidi amino. Mengine mwili unajifyatulia wenyewe, mengine usipoyala huna. Mahindi yamepungukiwa tofali moja liitwalo laisini, na maharage yanalo tele. Nayo maharage yanapopungukiwa, mahindi yanaziba. Sasa mtu wa mbio ndefu anabomoa misuli yake kila siku barabarani, kwa hiyo anahitaji matofali mengi kuliko aliyekaa kibarazani. Na asiposhiba, mwili unayachukua matofali yaleyale na kuyachoma kama kuni. Ndivyo nilivyokuwa: nyumba inayoungua ikiwa inajengwa.

Kujua ni jambo moja, kusema ukweni ni jingine. Mama mkwe siongei naye. Baba mkwe ningemwambia, angeona nawasema kwamba wananilisha vibaya. Akabaki bibi, mama yake mama mkwe, mwenye nyumba yake ndogo nyuma ya mgomba. Bibi na mimi ni watani. Yeye huniita mume wake.

"Mume wangu, wamekufanya nini?" akaniuliza asubuhi moja nikipita nachechemea. "Ulikuja na miguu, sasa umesimamia fimbo mbili."

"Bibi, nimekosa laisini."

"Huyo ni mwanamke wa wapi?"

Nikakaa nikamweleza yote, ukuta, matofali, kuni. Alinisikiliza huku akichambua mboga, bila haraka.

"Yaani umezunguka njia yote hiyo," alisema, "unataka maharage."

"Nataka maharage, bibi."

"Mkwe hapewi maharage, mume wangu. Hilo silivunji. Lakini mume hula alichopika mkewe. Mimi ni nani kwako?"

"Mke. Tena wa kwanza, huyu mjukuu wako nilimuongeza."

"Basi njoo jioni ule kwako."

Kuanzia jioni ile nilikula kwangu. Kande la mahindi na maharage lililotiwa karanga, na nikirudi kukimbia, maziwa ya mgando kabla jasho halijakauka. Siku za soko tulipata usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokaangwa mpaka wanalia mdomoni. Na nilikomba bakuli, kwa kuwa mume habakizi. Maumivu yakaanza kulala usiku kama watu wengine. Mlima ukarudi kuwa mlima, halafu ukawa kilima, halafu, sitii chumvi, nikawa naushuka kwa kupanda.

Siri ukweni haikai. Nikiwa nyuma ya mgomba nilimsikia mama mkwe akimwambia bibi, "Mama, umetuaibisha. Mtu mzima, mkwe, analishwa maharage. Akishindwa watasema tulimnyima kuku."

"Na akishinda?"

"Ashinde basi," mama mkwe akasema, na kuondoka.

Kwa hiyo Vwawa nilienda nimebeba nafasi yangu kwenye timu na jina la mama wa watu, na sijui kipi kilikuwa kizito. Vijana walitoka kwa kasi kama wanaokimbia madeni. Niliwaacha waende. Tulipofika mlima wa mwisho, katikati ya mashamba ya kahawa, nilianza kuwakuta mmoja mmoja, mikono kiunoni. Nilingoja miguu yangu nayo igome, maana hapo ndipo ilipokuwa ikigomea. Haikugoma. Nilipita wa saba, wa sita, wa tano, wa nne; wa tatu aliniuliza, "Mzee, unaenda wapi?" na nilikuwa nimeshaenda.

Niliingia wa tatu. Kabla sijamwona kocha nilisikia kigelegele kinapasua uwanja, na sauti ya mwanamke ambayo sikuwahi kuisikia ikipazwa, ikitangaza kwa dunia nzima, "Huyo mkwe wangu. Huyo ametoka kwangu." Nikageuka. Alikuwa amejifunika khanga usoni, kama adabu inavyotaka, lakini chini ya khanga alikuwa anacheza.

Bibi tu ndiye hakuridhika. Nilipompelekea habari alinipa mkono, akanipongeza, kisha akataka kujua hao wawili walionitangulia wameoa wapi.