Bibi wa Chemchemi Lazima Afe

Ukimtafuta Nasra pale Lushoto mjini, usiulize mwandishi yuko wapi, watakuangalia tu. Uliza Nasra wa steshenari, yule anayechapa barua za watu na kutoa fotokopi za vyeti, mwenye mdomo ukichelewa kufuata karatasi zako. Vitabu anaandika wateja wakikosekana, na siku hizi wanakosekana sana.

Kazi yenyewe aliletewa na Kristian, kijana wa hapa hapa aliyehamia Arusha kutengeneza gemu za simu na wenzake. Gemu lao lina majini, mapango na milima inayoelea juu ya ukungu, na lilipopendwa wakataka liwe na kitabu chake. Sasa wewe jiulize, nani asome kitabu cha kitu ambacho vidole vimeshakicheza mpaka vimechoka? Nasra naye alijiuliza hivyo hivyo, kisha akaona pa kuingilia. Ndani ya gemu kuna bibi kizee anayelinda chemchemi pangoni. Hana jina. Mchezaji anampiga, anamvua ufunguo shingoni, anasonga mbele. Basi Nasra akampa jina, akampa goti bovu na ulimi mkali, akampa na hasira za kuulizwa swali moja mara mbili. Vyote hivyo alivichota kwa mama yake, Bi Tatu, wala hakwenda mbali kuvitafuta.

Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Kila alasiri akifunga duka alipita kwa mama yake kumsomea alichoandika, na Bi Tatu, huku anachambua maharage, akatokea kumpenda yule bibi kuliko shujaa mwenyewe.

"Huyu ana akili," alikuwa akisema. "Enhe, halafu anafanya nini?"

Halafu anakufa. Ndivyo gemu lilivyo. Na Alhamisi Bi Tatu mwenyewe alikuwa ateremke Mombo, aendelee mpaka hospitali kubwa, akapasuliwe uvimbe uliomkaa tumboni. Nasra akampigia Kristian.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hivi yule bibi hawezi kupona?"

"Dada, kila aliyecheza anajua anakufa. Tukimwacha hai watatucheka."

"Basi nipe wiki mbili."

"Wachapaji wanaisubiri sura hiyo wiki hii, dada yangu."

Kijana hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililomuudhi Nasra zaidi.

Akaandika. Kuandika kumbe ni kazi ndogo, kazi ni kusoma. Amsomee mama yake kifo chake mwenyewe, naye anakwenda kulala chini ya kisu, si ni kumchuria huko? Na asipomsomea, atamdanganya nini mwanamke anayenusa uongo kabla hujafumbua kinywa? Usingizi ukampaa. Dukani akatoa fotokopi ya cheti cha mtu upande usio na maandishi, kisha akagombana na mwenye cheti, ilhali kosa ni lake yeye mwenyewe.

Jumatano akajikaza kisabuni, akaenda. Akaamkia, akakaa kwenye kigoda, akaanza. Alipofika pale bibi anaposikia hatua za mtu mlangoni mwa pango, akafunua karatasi mbili kwa mpigo na kuendelea, shujaa yuko mbali kwenye mteremko na ufunguo mkononi.

"Umeruka," alisema Bi Tatu, macho kwenye ungo.

"Sijaruka, Mama."

"Ufunguo kaupata wapi?"

Nasra akazirudia zile karatasi mbili.

"Kafa, siyo?"

"Naogopa kukuchuria, Mama. Kesho unasafiri."

"Uchuro ni wa bundi, si wa karatasi. Soma."

Akasoma. Bibi alianguka kando ya maji, shujaa akamvua ufunguo, akaondoka mbio. Bi Tatu aliuweka ungo chini. Nasra akajuta kuzaliwa na akili ya kuandika.

"Kwa hiyo kamwacha pale pale," alisema mama yake.

"Kwenye gemu ndivyo wanavyofanya, Mama."

"Kwenye gemu sawa, wana haraka zao. Lakini huyu umeniletea hapa kila siku, nimeshamzoea, halafu anaondoka kama mgeni aliyefukuzwa? Hakuna hata wa kumsindikiza?"

Nasra alimtazama. Kisha akatafuta kalamu.

"Amsindikize vipi, naye anakufa?"

"Roho haijatoka mara moja. Akae chini, amshike mkono, waongee. Anamsindikiza kwa maneno."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale bibi mwenyewe atakapomwambia, basi, pametosha."

"Na akikataa kumwachia mkono?" Nasra aliisimamisha kalamu. "Akitaka kwenda naye?"

Bi Tatu aliokota punje iliyodondokea mkekani, akairudisha kwenye ungo.

"Bibi amkatalie. Amwambie, ukija na wewe, nani atawaambia watu kwamba nilikuwepo?"

Nasra aliandika huku machozi yanalowesha karatasi, na hakujificha. Alikuwa na hofu tangu mwanzo wa juma, na hofu hiyo haikuondoka, ila sasa walikuwa nayo wawili. Alipomaliza, mama yake akamtaka asome yote tena.

Akasoma. Shujaa aliketi, akaushika mkono wa bibi, wakazungumza habari za goti na za maji. Kisha bibi akavuta pumzi na kusema, basi, pametosha, na hapo neno lililobaki likagoma kumtoka Nasra. Bi Tatu akalimalizia mwenyewe.

"Rudi, mwanangu."