Uji wa Mama Nilioumaliza Mimi

Juzi nilikwenda Kahawa Wendani kumwona mke wa ndugu yangu, aliyejifungua wiki iliyopita. Mezani palikuwa na pakiti ya unga wa wimbi, nikaifungua nimpikie uji. Uji ulipoanza kutokota, harufu yake ikanirudisha utotoni. Ngoja nikusimulie, maana sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Kalimoni, mama alipojifungua kitinda mimba wetu. Nyanya, mamake baba, tuliyemwita Cucu, akahamia kwetu na mtungi wa uji uliochachuka na mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Kwetu mzazi asipokula njahi ni kama hakuzaa. Majirani walileta kuni migongoni, ndizi na viazi, wakaimba mpaka mlangoni. Nyumba nzima ilinuka moshi na supu ya mifupa. Mama hakuruhusiwa hata kushika ufagio.

Nyanya alimkanda mama kwa maji moto. Kazi yangu mimi ilikuwa kumpelekea uji kwenye kikombe kikubwa cha bati, mara tano kwa siku, kisha kurudisha kikombe jikoni. Nyanya alikichungulia kila mara, mkali kama mwalimu anayekagua kucha. "Ukiona uji umebaki, uniambie haraka," alisema. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na alikiamini kabisa.

Siku ya nne mama aliusukuma uji kando. "Kunywa wewe," akaninong'oneza. "Cucu akiona sijamaliza atanilazimisha, na mimi nasikia kutapika." Nisikufiche, niliutamani uji ule kupita kiasi: mchachu, mzito, una maziwa na sukari ambayo sisi watoto tuliionja Krismasi tu. Nikaunywa wote. Nyanya akaona kikombe kitupu, akatabasamu. Kesho yake nikanywa vikombe vyote vitano, naye akawaambia wageni kwa maringo, "Huyu wangu anakula vizuri, mpaka nashangaa."

Siku ya sita nilimkuta mama akitetemeka chini ya blanketi mbili, na nje jua linachoma. Midomo ilikuwa imekauka. Mtoto alilia kando yake na mama hakugeuka. Niligusa mkono wake, nikautoa upesi kwa jinsi ulivyokuwa moto. Mle chumbani mlikuwa na harufu mbaya ambayo moshi wa jikoni ulikuwa umeificha. Niliogopa kuchapwa, na niliogopa kumsaliti mama. Nikaanza kuunywa uji kama kawaida, lakini nilipofika nusu nikaacha.

Nikarudi jikoni na kikombe nusu.

"Mbona leo amebakisha?" nyanya akauliza.

"Cucu, si mama. Ni mimi nilikuwa nakunywa. Tangu juzi, yote ni mimi."

Mwiko ukamponyoka. Alikimbia chumbani, akamshika mama shingoni, nikamsikia akipiga ukemi: "Ngai! Mtoto wangu anaungua!" Jirani aliyesambaza maziwa akaleta pikapu yake, wakampakia mama na mtoto, nyanya akapanda nyuma, wakaelekea hospitalini Thika. Mimi nikabaki na sufuria iliyojaa uji. Kila gari lililopita barabarani nililikimbilia hadi kwenye geti.

Mama alipona, ila polepole. Daktari alisema kipande cha kondo ya nyuma kilikuwa kimebaki ndani na kuoza, na kwamba wangechelewa siku moja tu tungemzika. Aliporudi nyumbani, nyanya akaanza yote upya: njahi, supu, maji moto. Kikombe hakunipa tena. Alikaa mwenyewe ukingoni mwa kitanda, kiganja chake kwenye paji la mama, akamtazama usoni hata uji ukapoa. Nilimwomba msamaha. Akanijibu bila kugeuka, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi ndiye nilikuwa naangalia kikombe."

Nyanya hayupo tena, na wale wanawake wa kuni wametawanyika, wengine Mwihoko, wengine sijui wapi. Njahi bado zinauzwa sokoni, na hospitali ziko karibu kuliko zamani, namshukuru Mungu. Lakini hakuna anayekaa ukingoni mwa kitanda. Tunampigia mzazi simu tukiwa kazini, tunamuuliza anaendeleaje, anajibu, "Niko poa." Nasi tunamwamini, kama nyanya alivyoniamini mimi.